Kinachokaa chini ya pevingi: kuchagua na kukadiria moramu, kokoto na mchanga wa njia na uwanja wa nyumbani

Mwaka juzi, masika yalipokwisha, mama mmoja wa Mbezi aliniita nikamtazamie njia yake, ile inayotoka getini hadi barazani. Pevingi zenyewe, vile vitofali vya zege vya kutandika, zilikuwa nzuri: unene wa sentimita 6, rangi haijapauka, hakuna hata moja iliyopasuka. Lakini njia ilikuwa imebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, na maji ya mvua ya juzi yake bado yalikuwa yametuama humo.

"Mwanangu, mimi nilinunua za bei kubwa kabisa," aliniambia. "Au waliniuzia mbovu?"

"Hapana mama. Niruhusu ning'oe tano tuone chini."

Nilizing'oa kwa bisibisi mbili. Upande mmoja mchanga ulikuwa na unene wa sentimita 4. Upande wa pili, pale palipobonyea, ulibaki utando tu. Chini ya mchanga kulikuwa na kokoto za robo tatu ya inchi peke yake, zimemwagwa juu ya udongo na kusawazishwa kwa reki. Nikapenyeza vidole katikati ya mawe mpaka nikagusa udongo wa chini, umelowa, laini kama unga uliokandwa. Mchanga wote wa juu ulikuwa umeshukia humo kwenye matundu. Masika moja yalitosha.

Fundi aliyemfanyia kazi hakumwibia. Kokoto alizileta kweli. Ila alileta kisichofaa mahali pale, na hakukishindilia. Kosa hilo naliona karibu kila mtaa, na wanaoumia ni watu waliojinyima muda mrefu wapate kupendezesha uwanja wao. Pevingi, au kabro kama wanavyoziita ndugu zetu wa Kenya, hazibebi uzito peke yake. Zinaupokea na kuushusha. Mbebaji ni tabaka lililo chini, na ndilo tutakalolishughulikia hapa: uchague nini, kiasi gani, na ukipime vipi kabla hujamlipa dereva.

Kwanza ujue tabaka zenyewe

Ukikata njia nzuri kwa kisu kama keki, kutoka chini kwenda juu utakuta udongo wa asili uliochimbwa na kushindiliwa. Juu yake tabaka la moramu au kokoto mchanganyiko, ambalo ndilo lenye kazi kubwa. Halafu mchanga wa kulazia, sentimita 3 tu. Kisha pevingi, na mchanga mwembamba katikati ya viungo. Pembeni pana kabistoni au kingo ya zege inayozuia vyote hivyo visitawanyike.

Kila tabaka lina kazi moja na halifanyi kazi ya mwenzake. Mchanga ni wa kukalisha pevingi sawasawa, haukuwekwa pale kujazia mashimo. Ukiona fundi anaongeza mchanga sentimita 8 upande mmoja ili kupata usawa, msimamishe hapo hapo. Mahali hapo patabonyea.

Hatua ya 1: Usome udongo wako

Chimba shimo la sentimita 30 katika sehemu mbili au tatu za eneo, si moja, maana viwanja vyetu vingi vimejazwa vifusi wakati wa ujenzi na upande mmoja haufanani na mwingine. Shika udongo, uloweshe kidogo, ufinyange.

Usiposhikamana kabisa, huo ni mchanga. Maeneo mengi ya ufukweni Dar, Kigamboni kwa mfano, ndivyo yalivyo. Ni habari njema, kwa kuwa maji yanapita na udongo hauvimbi, ila ni lazima uloweshwe na kushindiliwa, na kingo ziwe imara kwa sababu mchanga hukimbia pembeni.

Ukishikamana na ukaweza kuuviringisha kati ya viganja ukawa kamba nyembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika, una mfinyanzi mwingi. Utahitaji tabaka nene zaidi. Na ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka mipasuko mikubwa kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, kama wa Shinyanga au wa Embakasi kule Nairobi, usijenge juu yake hivi hivi. Uondoe kwa kina unachoweza kumudu, angalau sentimita 30, ujaze moramu nzuri kwa tabaka tabaka. Udongo wa aina hiyo hunyanyua hata sakafu za nyumba. Njia ya pevingi kwake ni kitu kidogo.

Kipimo kingine ninachokitumia kila siku: chukua kipande cha nondo ya milimita 12, kisimamishe, ukikandamize kwa mikono miwili. Kikizama kiganja kizima bila jasho, udongo huo ni mlaini mno au umejaa kifusi kilicholegea. Toa kilicholegea kwanza. Mizizi, mabaki ya mbao, mifuko ya saruji iliyofukiwa na mafundi wa nyumba, vyote vitoke, kwa maana kitakachooza chini kitaacha tundu, na mbao zinaita mchwa.

Hatua ya 2: Unene wa tabaka

Kwa njia ya miguu na uwanja wa kukaa, kwenye udongo mzuri, sentimita 10 za moramu au kokoto mchanganyiko baada ya kushindiliwa zinatosha. Kwenye mfinyanzi fanya 15, hata 20 kama maji husimama hapo. Pa kuegesha gari dogo fanya 15 hadi 20, kwa tabaka mbili. Pevingi za sentimita 6 zinafaa kwa miguu na magari madogo; za sentimita 8 ni kwa magari mazito.

Hapa watu wengi husahau jambo moja la nyumbani kwetu: gari la kunyonya chemba. Nalo boza la maji. Magari hayo yakiwa yamejaa ni tani nyingi, na siku chemba itakapofurika dereva hatakuuliza njia ilijengwa kwa ajili ya nani. Amua leo yatapita wapi. Sehemu hiyo ipewe sentimita 25 au zaidi chini na pevingi nene juu, au iwe mbali na njia yako kabisa, mpira wa kunyonyea uvutwe kutoka getini.

Hatua ya 3: Kuchagua material

*Moramu.* Ndiyo rahisi kupatikana na kwa njia ya nyumbani ndiyo chaguo langu la kwanza, ikiwa nzuri. Moramu nzuri ina mawe madogo mengi, ina chengachenga, na ina udongo kidogo tu wa kuzishikanisha. Usinunue kwa rangi. Wekundu hauna maana yoyote. Chota konzi, toa mawe makubwa, lowesha kile chembamba kilichobaki, halafu fanya jaribio la kamba nililotaja juu. Kikiviringika kirefu bila kukatika, moramu hiyo ina mfinyanzi mwingi: kiangazi itakuwa ngumu kama saruji na utafurahi, masika itakuwa tope. Nyingine ikikatika kila unapojaribu kuiviringisha lakini bado inashikamana ukiibana kwenye ngumi, hiyo chukua. Mawe yake yasizidi sentimita 4 au 5 kwa tabaka la sentimita 10. Jiwe kubwa kuliko hapo litasimama peke yake na kuzuia yaliyolizunguka yasishindiliwe.

*Kokoto mchanganyiko.* Hizi ni kokoto zilizosagwa zikaachwa na vumbi lake, kuanzia unga hadi mawe ya milimita 20 au 40. Kwa Dar kokoto ngumu nyingi hutoka machimbo ya Lugoba, upande wa Chalinze. Ni ghali kuliko moramu lakini hazijali mvua, na mawe yake yenye ncha hung'ang'aniana. Kwa pa kuegesha gari, ukiweza, tumia hizi. Ukiagiza, tamka wazi kwamba unataka zenye vumbi lake, si zilizochekechwa. Hapo ndipo yule mama wa Mbezi aliumia. Kokoto za robo tatu au za nusu zilizochekechwa ni za zege. Ukizimwaga chini ya mchanga zina matundu, na mchanga utashuka. Kama tayari umeshazinunua, usizitupe. Nunua vumbi la kokoto, lifagie juu yake kidogo kidogo huku unashindilia na kumwagia maji, hadi matundu yajae na uso ufunge kabisa usiweze kupenyeza kidole.

*Mawe ya matumbawe yaliyopondwa.* Kuanzia Kunduchi hadi Unguja na Mombasa, hii ndiyo kokoto ya wazee wetu. Ni laini kuliko jiwe la Lugoba, lakini ikipondwa vizuri pamoja na unga wake, ikaloweshwa na kushindiliwa, hushikamana vizuri sana. Kwa njia ya miguu naipenda. Piga jiwe moja kwa nyundo: likivunjika vipande linafaa, likigeuka unga kwa pigo moja liache.

*Kifusi cha majengo.* Matofali yaliyovunjika, vipande vya zege, lipu. Zege lililopondwa ni zuri sana. Lakini kifusi kinachouzwa kwa trip ni mchanganyiko wa kila kitu, pamoja na mbao, nailoni na udongo. Kitumie kujazia shimo refu chini kabisa baada ya kukichambua, usikifanye tabaka la juu.

*Mchanga wa kulazia.* Uwe wa mtoni, wenye chembe za kukwaruza, si ule laini wa lipu. Chukua chupa ya maji ya lita moja yenye kuta zilizonyooka, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji hadi karibu na shingo na chumvi kijiko kimoja, tikisa sana, kisha iache kwa muda wa saa 3 bila kuigusa. Utaona mchanga umelala chini na tope limekaa juu yake kama mpaka uliochorwa. Pima kwa rula. Kama mchanga una sentimita 10 na tope linazidi milimita 8, uache huo. Tope hushika maji chini ya pevingi, na pevingi zikikanyagwa zikiwa zimelowa hucheza na kurusha maji machafu kwenye viungo.

Mchanga wa baharini usiutumie. Chumvi yake hupanda juu na kuacha madoa meupe yasiyokwisha, na kuchota mchanga ufukweni kunaifanya bahari iile pwani yetu, jambo tunaloliona kwa macho Kunduchi.

Wengi hutumia vumbi la kokoto mahali pa mchanga wa kulazia kwa kuwa ni rahisi kulisawazisha. Mimi silipendekezi kwa kazi hiyo, unga wake ni mwingi na unashika maji. Kazi yake ni kufunga uso wa tabaka la chini. Na kuchanganya saruji kavu kwenye mchanga wa kulazia, desturi iliyoenea mno siku hizi, hakuponyi tabaka bovu. Kunatengeneza ganda jembamba ambalo udongo ukicheza linapasuka, na siku ukitaka kung'oa pevingi zako upitishe bomba utazivunja. Saruji hiyo ipeleke kwenye kingo.

Hatua ya 4: Hesabu

Tuchukue kazi halisi ya ukubwa wa kawaida: njia ya mita 12 kwa mita 1.2 kutoka getini, na uwanja wa kukaa wa mita 5 kwa 4 uliogusana na ukuta wa nyumba kwa upande wa mita 5. Eneo la pevingi ni 14.4 jumlisha 20, yaani mita za mraba 34.4. Kwa pevingi za sentimita 20 kwa 10, kila mita ya mraba inakula 50, hivyo unahitaji 1,720, na ongeza 5 kwa 100 kwa ajili ya kukata na kuvunjika: 1,806. Nunua 1,810.

Tabaka la chini ni pana kuliko pevingi. Liongeze sentimita 15 kila upande usio na ukuta, ili kabistoni zikae juu yake. Njia inakuwa mita 12 kwa 1.5, sawa na 18. Uwanja unakuwa mita 5.3 kwa 4.15, sawa na 22. Jumla 40.

Unene wa sentimita 10 ni mita 0.1. Mara 40 unapata mita za ujazo 4.

Na hapa ndipo hesabu nyingi huishia, kimakosa. Hizo 4 ni za moramu iliyokwisha shindiliwa. Moramu inayomwagwa na lori imejaa hewa. Zidisha kwa 1.3: unapata 5.2. Ongeza 5 kwa 100 ya kinachopotea na kinachobaki ardhini: 5.46. Andika mita za ujazo 5.5.

Mchanga wa kulazia: 34.4 mara 0.03 ni 1.03. Nao hushuka ukishindiliwa, zidisha kwa 1.25, upate 1.29. Wa kujazia viungo, kwa pevingi za sentimita 6 zilizoachana milimita 3, ni kama ndoo 5 za lita 20 kwa eneo hili, yaani ujazo wa 0.1. Jumla ni 1.4.

Udongo utakaotoka: kina cha kuchimba ni 10 za moramu, 3 za mchanga na 6 za pevingi, jumla 19, toa 2 kwa sababu uso wa pevingi utakaa sentimita 2 juu ya ardhi. Sentimita 17 mara 40 ni mita za ujazo 6.8 ukiwa ardhini. Ukishachimbwa unavimba kwa robo hivi, ufike 8.5. Huo ni mlima mbele ya nyumba yako, na kuuondoa kuna gharama yake. Panga mahali pa kuupeleka kabla jembe halijagusa chini.

Kwa anayependa ndoo: mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20. Moramu yetu ni ndoo 275. Toroli moja la kawaida hubeba ndoo 3 zilizosawazishwa, kwa hiyo ni toroli kama 92 kutoka barabarani hadi uani. Mwonyeshe kibarua hesabu hii mnapopatana bei, ili kila mmoja ajue kazi anayoikubali.

Hatua ya 5: Kununua kwa trip bila kupunjwa

Madereva huuza kwa trip, wewe umehesabu kwa mita za ujazo. Daraja kati ya viwili hivyo ni futi ya kupimia. Kenta moja na nyingine hazilingani bodi, kwa hiyo usikubali "trip ya kenta" kuwa ndicho kipimo.

Gari likifika, kabla halijamwaga, panda. Mwombe dereva kwa adabu, "Kaka, naomba nipime bodi," na wengi hawakatai. Sawazisha juu kwa chepe, kisha pima urefu, upana, na kimo cha mzigo wenyewe, si cha bodi. Juzi nilipima moja: mita 3.2 kwa 1.75 kwa 0.5. Ni mita za ujazo 2.8. Kwa kazi yetu ya 5.5, gari hilo lingeleta trip 2 na kubaki kidogo sana. Ukigawa bei ya trip kwa ujazo huo unapata bei ya mita moja, na hapo ndipo unapoweza kulinganisha kenta na Fuso, muuzaji huyu na yule. Mara nyingi gari kubwa linatoka rahisi kwa mita, ila uhakikishe linaweza kuingia mtaani kwako bila kuvunja karo la jirani.

Mchanga una ujanja wake. Ukiwa na unyevunyevu huvimba, unaweza kuzidi robo ya ujazo wake mkavu. Lori la mchanga mbichi lina mchanga mchache kuliko linavyoonekana. Ukiletewa hivyo, usipunguze chochote kwenye kadirio lako, ongeza.

Agiza moramu yote kwa pamoja, kutoka shimo moja. Trip ya pili ikitoka shimo jingine, njia yako itakuwa na tabia mbili.

Hatua ya 6: Kuchimba na mteremko

Piga vigingi, vuta kamba. Uwanja uteremke ukitoka kwenye nyumba, sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita. Kwa uwanja wetu wa mita 4, ukingo wa mbali uwe chini kwa sentimita 6 hadi 8 kuliko ukutani. Hamisha usawa kwa mpira mwangavu uliojazwa maji. Haudanganyi, alimradi umetoa mapovu. Uso wa pevingi ukutani ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani.

Mteremko uanzie chini kabisa, kwenye udongo. Ukiuacha udongo tambarare na kutengeneza mteremko kwa moramu, upande mmoja utakuwa mnene na mwingine mwembamba, na maji yanayopenya yatalala chini. Fikiria pia yanakokwenda: mfereji, bustani, shimo la kokoto. Yasiende kwa jirani.

Ukikata sehemu kwa kina kupita kiasi, usirudishe udongo uliolegea. Jazia moramu. Kisha mwagia maji kidogo na ushindilie udongo wenyewe. Usitandike nailoni chini. Itazuia maji yasishuke na moramu itaogelea. Kwenye mfinyanzi mzito, ukipata kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji lakini kinazuia tope lisipande, kitandike, vipande vyake vipandane sentimita 30 kwenye maungio.

Hatua ya 7: Kumwaga na kushindilia

Kama una haraka na kazi hii, haraka yako iishie kabla ya hapa.

Kodi mashine ya kushindilia ya bamba, ile inayorukaruka. Kwa siku moja inatosha kwa eneo letu. Ukitumia kigongo cha mkono, tabaka lisizidi sentimita 7 zikiwa zimelegea. Kwa mashine, lisizidi 13 hivi. Sisi tunataka 10 zilizoshindiliwa, ambazo zikiwa zimelegea ni 13, kwa hiyo tabaka moja la mashine linatosha. Kwa kigongo fanya mawili. Kumwaga sentimita 20 kwa mkupuo na kupitisha mashine juu hakufai: ganda la juu litakuwa gumu na chini patakuwa laini, na hutajua mpaka mvua inyeshe.

Maji ndiyo siri ya moramu. Ikiwa kavu haishindiliki hata ukiipiga kutwa, ikiwa imelowa sana inacheza chini ya mashine kama mpira. Bana konzi kwenye ngumi, fungua. Inapaswa kubaki bonge lenye alama za vidole vyako, na kiganja kiwe na unyevu bila maji kuchuruzika. Liangushe kutoka usawa wa kifua: likivunjika vipande vichache, anza kazi. Likisambaa unga, ongeza maji kwa ndoo yenye kichujio, changanya kwa reki, subiri kidogo. Likibaki bonge zima lililobonyea, acha jua lipite.

Anza kingoni uende katikati, kila mpito ukipanda theluthi ya mpito uliotangulia. Pita mara 4 hadi 6. Sikiliza: mwanzoni mashine ina sauti nzito ya kuzama, mwishoni inalia kwa ukali na inaanza kuruka. Halafu kanyaga kwa kisigino kwa uzito wako wote. Kisigino kikiacha alama, bado. Chukua ile nondo yako tena. Sasa isiingie hata ukiikandamiza kwa mwili mzima.

Laza rula ya aluminiamu ya mita 3, au ubao ulionyooka, juu ya tabaka. Pengo chini yake lisizidi sentimita 1. Penye bonde zaidi, kwaruza uso, ongeza moramu laini, lowesha, shindilia tena. Usiwaze kwamba mchanga utafunika.

Kingo, mchanga, na kulaza

Kabistoni zikae juu ya tabaka lililoshindiliwa, zishikwe nyuma kwa zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hadi nusu ya kimo chake au zaidi. Bila hizo kila nilichoandika juu kinakwenda bure ndani ya misimu miwili.

Mchanga: lalisha mabomba mawili ya chuma yaliyonyooka juu ya moramu, yenye kipenyo cha sentimita 4 hivi, mwaga mchanga katikati, uvute kwa rula inayoteleza juu yake. Toa mabomba, jazia mifereji yake, na baada ya hapo mtu asiukanyage. Ukishashindiliwa utashuka hadi 3. Vuta eneo utakaloweza kulipangia pevingi siku hiyo hiyo. Mchanga uliolala usiku hukanyagwa na kuku, mbwa na watoto, na mvua ikiunyeshea unashindiliwa vibaya.

Panga pevingi, pitisha mashine mara 2 au 3 ikiwa imevikwa mpira chini isizikwaruze, fagia mchanga mkavu kwenye viungo, pitisha tena, fagia tena mpaka viungo vijae.

Kwa yule mama wa Mbezi tulirudia hivyo hivyo. Pevingi zake zote tulizitumia, hakununua hata moja. Kokoto za robo tatu hazikutupwa pia: tulizifunga kwa vumbi la kokoto tabaka kwa tabaka, na penye udongo laini tukashusha sentimita 10 zaidi za moramu kwanza. Wiki ya kwanza ya vuli alinipigia simu saa moja asubuhi, mvua inanyesha, akiwa amesimama barazani kwake. "Njoo uone, maji yanakimbia." Nilikwenda siku iliyofuata na ndoo mbili za mchanga mkavu, kwa kuwa mvua za mwanzo hushusha mchanga wa viungo na ni lazima ufagiwe mara ya pili. Ulikuwa umeshuka milimita 5 hivi. Nawe weka ndoo mbili kama hizo stoo, zifunike zisilowe, na uzitumie mvua ya kwanza kubwa ikishapita.